Figa la Nyirakamana

Mama yangu mdogo, Masika, alikuwa na wivu tangu utotoni. Ukinunuliwa kitenge kipya, cha kwake kinachakaa papo hapo. Sisi wa kwao Butembo tulimjua hivyo na tulimpenda hivyo hivyo, tukimtania kwamba hata kivuli chake kikimtangulia njiani ananuna. Basi alipoolewa Katoyi, mtaa wa Goma, na Damien, mwanamume wa milima ya Masisi aliyewahi kuwa na mke mwingine, nami nikahamia huko kukaa naye, nilijua hapatakuwa na amani.

Mke yule wa kwanza aliitwa Nyirakamana. Vita vilipowafikia kule mlimani, kijiji kizima kilishuka Goma. Wengine walipiga kambi Munigi, wengine wakabanana kwa ndugu mjini. Yeye peke yake alikataa. Alikuwa amezika watoto wawili nyuma ya nyumba, akasema hawezi kuwaacha bila mtu. Mama yake Damien, mzee Mukantwari, alimbembeleza hadi sauti ikakauka, kisha akafanya ujanja: aliiba figa moja kati ya mafiga matatu ya jikoni kwa Nyirakamana, akalificha kwenye mzigo. Katika ukoo wao mwanamke hupewa mafiga yake siku ya kuolewa, na hapikii mawe mengine mpaka afe. Jifya moja haliinjiki chungu, na mawili pia hayatoshi. Mukantwari aliona mkamwana wake akikosa pa kupikia, njaa itamleta Goma.

Hakuja. Mwaka uliofuata msafiri mmoja alileta habari kwamba amekutwa amekufa jikoni. Kijijini hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumlilia.

Masika alilikuta jiwe lile nyuma ya nyumba ya Damien, akaangua kicheko.

"Mama, ulibeba jiwe kulileta Goma? Huku tunalala juu ya majiwe!"

Mukantwari hakucheka. "Usiliguse, mutoto yangu. Liko na mwenyewe."

Angenyamaza mzee ingekuwa heri, Masika asingejua ni la nani. Maana Damien kila akila maharagi alishusha pumzi na kusema marehemu alikuwa akiyapika laini. Masika alilinyanyua jiwe, akalipanga pamoja na mawe mawili meusi ya volkano ya hapa kwetu, akawasha kuni.

"Nitapika juu ya kichwa yake," aliniambia. Alikuwa na mimba wakati ule, na alifurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Mtoto alizaliwa, akaitwa Chance, akanenepa, akaanza kutambaa. Mchana mmoja Masika alimbeba mgongoni, akafunga mlango kwa kufuli na kwenda kuchota maji. Maharagi aliyaacha chunguni, moto hajawasha. Aliporudi yalikuwa yameiva. Damien alikula akafumba macho, na machozi yakamtoka.

"Leo njo umeweza, mama Chance."

Msidhani Masika aliogopa. Alinuna. Alishinda kutwa hasemi na mtu, anakionea wivu chungu chake mwenyewe.

Kisha asubuhi moja alimfunua mtoto amwogeshe, akakuta magoti ni mekundu. Ulikuwa udongo mbichi, wenye unyevu, umeingia hadi kwenye kucha. Katoyi hatuna udongo huo. Kwetu ni vumbi jeusi la volkano. Kesho yake ilikuwa vilevile. Usiku uliofuata alimfunga mgongoni kwa kitenge, akalala naye hivyo hivyo. Asubuhi fundo halikuwa limeguswa. Magoti yalikuwa mekundu. Na mtoto alikuwa hataki tena ziwa. Alikuwa ameshiba.

Masika alimwita mama mkwe wake pembeni. Mukantwari aliunusa ule udongo.

"Ni ya kwetu," alinong'ona. "Ya nyuma ya nyumba."

"Anabeba mutoto yangu."

"Anataka jiwe yake. Nitamurudishia."

Barabara ya Masisi ilikuwa ya hatari, lakini mzee yule alipanda lori la wafanyabiashara, jiwe mapajani. Tulimwombea rozari kila jioni. Siku moja alfajiri Masika aliniita kwa kelele, nikatoka mbio nikijua ni msiba. Kumbe anacheka. Magoti ya Chance yalikuwa safi kabisa. Tulikumbatiana pale uani, tukacheka mpaka tukalia.

Mukantwari alirudi mzima. Tulimpa kiti, akakataa kukaa.

"Kijiji imekuwa pori," alisema. "Hakuna mutu. Lakini jikoni kwake nilikuta moto inawaka."

"Jiwe uliliweka?" nilimuuliza.

"Niliweka." Akashusha sauti. "Nilipogeuka nitoke, niliona majivu pembeni ya moto. Kuko alama za mutoto mwenye kutambaa. Mupya. Zinaingia. Hazitoki."

Masika aliuliza jambo moja tu, taratibu, kwa sauti ya wivu.

"Kule, anaita nani mama?"

Alikwenda jikoni, akamwaga majivu sakafuni, akayasawazisha kwa kiganja. Akamweka Chance katikati. Mtoto alitambaa. Mkono, goti. Mkono, goti. Alifika mlangoni, akageuka, akatutazama kama mgeni anayengoja kukaribishwa.

Niliinama nikaangalia. Majivu aliyoyapitia mtoto yalikuwa na alama moja tu, ya kiganja cha Masika.