Punje Tisa za Kahawa Puani mwa Ndege

Kwaru, kwaru, kwaru. Jogoo alikuwa hajawika, na msasa ulikuwa unakwaruza sebuleni. Nikaamka nikamkuta mjukuu wangu Kemilembe mkekani, bawa la ndege likiwa mapajani, analilainisha taratibu kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

Ndege yenyewe ni ndogo, haina injini. Hurushwa kwa mkono kutoka kilimani, upepo ukaibeba, na mtu akaiongoza kwa rimoti. Mabawa aliyachonga kwa miezi miwili kutokana na maboksi meupe ya povu gumu, yale ya kupakia samaki yanayotoka Bukoba. Siku hiyo klabu yao ya kurusha ndege hizo ilikuwa na mashindano kilimani Ihanda.

Pua ilikuwa bado nyepesi. Aliongeza kijiwe juu ya vile vilivyokuwamo, kikazidi, akakitoa. Ndipo akaniomba kahawa ya kutafuna, ile tunayowapa wageni. Akatia punje moja moja, akiipima ndege juu ya ncha za vidole viwili, mpaka ikatulia. Akafunga vyote kwa kipande cha kitenge changu cha zamani, akaiziba pua.

Saa kumi na mbili simu ikalia. Ni Egbert, mchumba wake, ambaye Jumamosi iliyofuata ndugu zake wangeleta mahari.

"Nimejiandikisha mimi kurusha. Wewe kaa na bibi kwa watazamaji. Usiniaibishe."

Nikamwuliza Kemilembe kama sheria yao si kwamba anayerusha ndiye aliyejenga. Akasema ndiyo, lakini Egbert akinuna wiki hii itakuwaje? Nikanyamaza. Ukimya ule naujutia mpaka leo.

Kilimani, kijana aliyekuwa anashika saa ya kupimia muda, Nestory, aliniletea jiwe la kukalia. Alilifuta vumbi kwanza kwa kofia yake. Ndege za watu zilipoangukia migombani, yeye ndiye aliyeteremka kuzifuata, akazirudisha kwa mikono miwili.

Egbert aliirusha ndege ya mjukuu wangu vizuri, sikatai. Kemilembe ndiye aliyemfundisha. Ndege ikaelea dakika saba, ikatua karibu kabisa na kijiti cha alama. Watu wakapiga makofi, na mjukuu wangu naye akapiga, akitazama chini.

Sasa, klabu ile ina desturi. Mshindi havikwi medali mpaka aeleze alivyoipa ndege yake uzito, halafu pua ifunguliwe wenzake wajifunze. Mwenyekiti wao, Mwalimu Anatolia, akamwuliza Egbert ameweka nini.

— Risasi tu, mwalimu. Zile za nyavu za samaki.

Mwalimu akafungua. Kikatoka kitenge changu, na ndani yake vijiwe na kahawa. Watu wakacheka. Egbert naye akacheka, akasema kwa sauti kwamba wanawake wa nyumba ile wamemtilia takataka kwenye ndege yake.

Kwenye ndege yake.

— Punje tisa, Kemilembe akasema nyuma yangu. Zilikuwa kumi na moja. Mbili nilizitoa alfajiri.

Mwalimu akazihesabu kiganjani. Zikawa tisa. Kicheko kikakatika.

— Kemi, Egbert akasema, sasa kwa sauti ya chini, si tunaoana? Changu na chako vina tofauti gani?

— Kama havina tofauti, kwa nini hukuandika jina langu?

Akanigeukia mimi, labda nimtetee.

— Egbert mwanangu, nikamwambia, kila ulipokuja kwangu nilikupa kahawa, ukaitia mfukoni. Ungeitafuna hata mara moja, leo ungeijua.

Mwalimu akafuta jina la Egbert, akamwita Kemilembe arushe. Upepo ulikuwa umeshapungua. Ndege ikakaa hewani dakika nne, ikagonga jiwe wakati wa kutua, mkia ukavunjika. Akawa wa tatu. Lakini jina lililosomwa lilikuwa lake, na safari hii hakutazama chini.

Jioni shangazi yake Egbert akapiga simu. Alisema kijana amekosea kidogo tu, na gari la Jumamosi wameshalikodi.

— Shikamoo, shangazi, Kemilembe akamjibu. Naomba mlirudishe kwa mwenyewe.

Jumamosi ikapita kimya. Jumapili baada ya ibada, pikipiki ikasimama uani. Alikuwa Nestory, mkononi ana bahasha. Ndani yake mlikuwa na kipande cha mkia kilichopotea, kisichozidi ukucha. Alisema alirudi kilimani kukitafuta kwenye nyasi, kwa sababu kipande kipya kisingelingana uzito na kile cha awali.

Nikamwekea kahawa kwenye kisahani. Akachukua punje mbili, akatafuna polepole, akaniomba nyingine.

Walikaa mkekani wakigundisha mkia, wakibishana kuhusu upepo, mpaka jua likaelekea kuzama. Nestory akasimama, akaniaga kwanza mimi, halafu akatafuta kofia yake ambayo ilikuwa kichwani.

Kemilembe akamsindikiza hadi mlangoni, kidole kingali na gundi.

— Haijakauka vizuri, akasema. Jumapili uje tena tuiangalie.