Dakika Tatu za Nairobi

Jumamosi ile soko la Karatina lilikuwa limefurika hadi barabarani. Malori ya viazi yalipiga honi, mikokoteni ikapenya kwa matusi, na katikati ya vurugu hiyo kijana mrefu alikuwa amechuchumaa mbele ya gunia akiokota maharagwe moja moja.

"Kumi... Sasa nipe nyeupe kumi na moja."

Mwenye gunia alishika kiuno. "Wewe! Hapa tunapima na mkebe. Nani amekutuma maharagwe ya kuhesabu?"

Wachuka, aliyekuwa nyuma akingoja zamu yake, aliangua kicheko. Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, na alikuwa amevaa kama mwaka wenyewe: blauzi ya manjano, viatu vya soli nene, nywele zimechanwa zikasimama duara. Kijana akageuka.

"Unacheka nini, dada?"

"Nacheka hiyo githeri yako, maharagwe bila mahindi. Itashibisha nani?"

"Hii si ya kupika. Nyekundu ni vijana wangu, nyeupe ni adui. Naitwa Mutahi. Mimi ndio nafunza washambuliaji wa mpira kule chuo cha walimu, Nyeri."

"Ati kocha wa maharagwe! Na nyekundu zako ni kumi tu. Utacheza bila mtu mmoja?"

Mutahi alihesabu tena, akaona haya. Wachuka akainama, akachagua haragwe moja nono jekundu, akamtilia kiganjani. "Huyu ndiye atakufungia bao."

"Basi huyu ni namba tisa," alisema Mutahi, naye akalitia peke yake kwenye mfuko wa shati. "Na wewe ni nani?"

"Mimi naunganisha simu, Nyeri. Ukiitisha Nairobi, sauti unasikia ni yangu."

"Kumbe ni wewe! Mwaka mzima nakusikia, na hakuna mtu aliniambia hiyo sauti iko na macho."

Mapenzi yao yalianzia hapo, yakakua kwa simu. Mutahi alipiga kila adhuhuri. "Namba tafadhali?" "Nataka ya roho yako, mpenzi." "Hiyo laini imejaa, jaribu kesho." Mama yake Wachuka, Wangechi, hakufurahi hata kidogo. Alisema mtu wa mpira hulisha mke makofi ya mashabiki. Wachuka akamjibu kwamba atayala hayo makofi, tena bila chumvi.

Alikuwa ameenda uwanjani akajionea. Mutahi, aliyeacha kucheza goti lilipovunjika, aliwafunza vijana kupitisha mpira chini, pasi fupi fupi, mpaka mabeki wa upande wa pili wachoke kugeuka. Kocha mkuu, Mzee Hezekiah, alijua neno moja tu: "Piga mbele!" Hata hivyo, kwa miaka sita kila ushindi uliitwa wa Hezekiah na kila kipigo kikaitwa cha Mutahi. Jambo hilo lilimchoma Wachuka kuliko lilivyomchoma Mutahi mwenyewe.

Ndipo siku moja asubuhi Nairobi ikaita chuo cha walimu. Sheria ya kazi ilikuwa wazi: simu ya Nairobi ni dakika tatu; unganisha, hakikisha wanasikizana, kisha toka kwenye laini. Wachuka hakutoka.

"Mutahi, ni Gicheru, mwenyekiti wa klabu ya mpira ya hapa Nairobi," sauti nzito ilisema. "Tumeona timu yako. Tunataka uwe kocha mkuu. Sasa niambie, uko na mke?"

"Mke sina," alijibu Mutahi. "Na hakuna mtu nitaacha huku—"

Wachuka alichomoa waya. Mkono ulitangulia, akili ikafuata. Hakuna mtu! Machozi yalimlenga, lakini akaitikia namba iliyofuata.

Wiki mbili zilipita. Mutahi akipiga, alijibiwa, "Wachuka hayuko."

"Hayuko, na anaongea na mdomo wake?"

"Hayuko."

Mwishowe alimvizia mlangoni jioni akitoka kazini. Uso wake ulikuwa umesawijika. "Nimekukosea nini, mpenzi? Na vile niko na shida. Nairobi walinipigia simu, ikakatika. Wakadhani nimewatupia simu. Nikipiga hawashiki. Jana nimesikia wamechukua mtu mwingine."

Wachuka alihisi baridi ya mlima ikimpanda miguuni. Lakini hasira ilikuwa bado na ulimi. "Si ulisema hakuna mtu utaacha huku?"

Mutahi alimtazama polepole, kama mtu anayesoma barua mara ya pili.

"Hiyo maneno umejua aje?"

Wachuka aliinamisha macho kwenye viatu vyake.

"Ni wewe," alisema Mutahi. "Miaka sita nangoja hiyo simu, Wachuka. Na wewe ukaing'oa kama magugu." Akaenda zake akichechemea, bila kugeuka.

Hasira hasara, na hasara ile ilikuwa ya wawili. Wachuka alilia mpaka akajichukia, kisha akachoka kujichukia. Kesho yake saa nne, mbele ya wenzake wote, aliita Nairobi.

"Mzee Gicheru? Mutahi hakukutupia simu. Ni mimi nilichomoa waya, mimi wa simu wa Nyeri. Nilikuwa nasikiza, na nilikasirika. Ngoja hapo hapo." Akachomeka waya wa pili, akaita chuo mpaka Mutahi akashika. "Mutahi, Nairobi iko kwa laini. Maliza kile ulikuwa unasema."

Gicheru alikohoa. "Kijana, kiti kimekaliwa. Lakini naweza kukupatia kazi ya kocha msaidizi."

"Usaidizi nimefanya miaka sita, mzee. Sitaki tena," alisema Mutahi. "Karatina wako na timu haina kocha, na goli yao haina hata neti. Wameniomba niwe mkuu wao. Leo naandika barua ya kuacha kazi huku. Tutaonana uwanjani, na nitakufunga."

Gicheru alicheka kwa mshangao, akakata.

"Wachuka? Bado uko?"

"Niko."

"Siku hiyo nilikuwa nasema hakuna mtu nitaacha huku, kwa sababu yule niko naye tunaenda wote. Bado niko na hasira na wewe. Sana. Na bado namba tisa iko kwa mfuko. Utakuja Karatina uwe bibi yangu?"

Bi Gathoni, msimamizi, alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mikono kifuani. "Wachuka! Dakika tatu zimeisha. Toka kwa laini, na ukitoka pitia ofisini kwangu."

Wachuka hakugeuka. Aliushika waya kwa mkono wote.

"Zimeisha za Nairobi," alisema. "Hizi ni zangu. Nakuja, Mutahi. Sema tena, wote wasikie."