Niliisoma Saa Nne Asubuhi, Nikanyamaza

Nina miaka thelathini na sita. Ni fundi cherehani hapa Engutoto, Arusha, mke wa mtu na mama wa mtoto mmoja aliye hai, binti yangu Gloria mwenye miaka minne. Nimeandika "aliye hai" kwa makusudi... kwa sababu kabla yake alikuwapo mwingine. Ndugu wasomaji, nivumilieni. Haya sijawahi kumsimulia mtu tangu mwanzo hadi mwisho, hata mume wangu.

Nilipokuwa na miaka ishirini na nne nilibeba mimba yangu ya kwanza. Ilipofika mwezi wa nane nikaanza kuumwa kichwa, kichwa cha ajabu, kama mtu anapasua kuni humo ndani. Miguu ikavimba. Macho yakawa yanaona vimulimuli mchana kweupe. Mama yangu alisema ni uchovu wa kuchuma kahawa. Siku ya nne nilianguka shambani. Nilizinduka hospitalini, tumbo limeshonwa, na mtoto hayupo.

Kifafa cha mimba, waliniambia. Wakaniambia pia kwamba ningewahi siku moja tu...

Nyumbani hakuna aliyelizungumzia. Mama aliniambia, "Yaliyopita usiyafukue, watu watasema una mkosi." Nikayafukia. Miaka ikapita, nikakaa bila mtoto hadi Mungu aliponipa Gloria.

Gloria alipokuwa mchanga, jirani aliniunganisha kwenye grupu moja la WhatsApp la akina mama wa Arusha. Jamani, lile grupu lilinilea! Mtoto akiharisha, nafungua simu, nakuta kuna mwenzangu ameshauliza na wengine wameshamjibu. Chanjo, uji, upele wa joto, yote nilijifunza humo. Tulikuwa zaidi ya mia nne.

Siku moja tu nilijaribu kuchangia. Mama mmoja alilalamika kwamba maziwa hayatoki. Nikataka kumtia moyo kwamba hata mimi nilinyonyesha kwa shida. Sasa Kiswahili nimekijulia shuleni, nyumbani kwetu tunaongea Kimeru, na siku hiyo niliandika haraka. Badala ya "nilinyonyesha" nikaandika "nilinyesha miezi miwili kwa shida".

Walicheka! Mmoja akaandika, "Kumbe masika yameanzia humu!" Mwingine akatuma picha ya mwavuli. Walikuwa wanatania tu, leo naliona hilo. Lakini mimi nililia. Nikajitoa. Baada ya wiki mbili nikarudi kwa laini yangu ya pili ambayo hakuna ndugu anayeijua, bila picha, jina nimeweka nukta. Tangu hapo kwa miaka mitatu nilisoma kila kitu na sikuandika hata neno moja. Niliona ni ujanja. Kwa nini ujianike kwa watu wakati unaweza kuchukua unachotaka ukaondoka?

Sasa niwaeleze kuhusu wifi yangu.

Mdogo wangu wa kiume, Elibariki, ni fundi ujenzi. Mwaka juzi alioa binti wa Kilimanjaro anaitwa Gladness, msusi, wakapanga nyumba Kikatiti. Mimi nilitaka aoe binti wa kwetu Meru. Sikumtukana Gladness hata siku moja, la! Nilimfanyia kitu kibaya zaidi. Alikuja kunisalimia kazini kwangu, akaniletea ndizi na parachichi, akaniamkia kwa heshima zote. Nikaitikia marahaba huku naendelea kukanyaga cherehani. Alikaa kwenye benchi karibu saa nzima, mimi kimya, hadi akaaga mwenyewe. Aliposhika mimba Elibariki alinipigia kwa furaha. Nikasema hongereni. Sikwenda kumwona.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Nilikuwa nashona gauni jeupe la kipaimara. Saa nne asubuhi simu ikalia mlio wa ujumbe, nikaitazama. Msimamizi wa grupu alikuwa ameweka swali la mtu, na juu yake ameandika kwamba mwenzetu ameomba afichiwe jina.

"Wapendwa, nina mimba ya kwanza, miezi saba na nusu. Leo siku ya tatu kichwa kinaniuma, vidonge vya maumivu havisaidii. Miguu imevimba viatu haviingii. Na macho yanaona kama nyota nyota. Naomba kujua kama ni kawaida."

Ni kama mtu amenisimulia mimi mwenyewe!

Majibu yakaanza kumiminika. Ni kawaida mama, wote tulivimba. Ukiona hivyo ni mtoto wa kiume. Inua miguu juu ya mto. Kunywa rozela, hiyo ni damu imepungua. Mmoja peke yake aliandika aende hospitali akapimwe presha, na papo hapo wakamshukia, wakamwambia aache kutisha wajawazito.

Nikaandika. Naapa niliandika! "Dada usikae nyumbani, nenda hospitali sasa hivi, hicho ni kifafa cha mimba, mimi kilinipata na mtoto wangu alikufa." Kidole kilikuwa juu ya alama ya kutuma. Nikawaza, watauliza huyu nukta ni nani. Wataniuliza nimejuaje. Nitaanza kueleza habari za mtoto wangu mbele ya watu mia nne? Na nikikosea tena kuandika? Nikawaza, humu kuna manesi, kuna walimu, atatokea mtu...

Mlangoni akaingia mama na binti yake, wamekuja kupima gauni. Nikafuta yale maneno herufi kwa herufi. Nikachukua pini na kumwambia binti asimame wima.

Ningeweza hata kumwandikia msimamizi pembeni, asiandike jina langu. Ningeweza kumuunga mkono yule mmoja kwa neno moja tu, "kweli". Sikufanya. Mchana nilichungulia tena. Mwenye swali alikuwa ameshukuru kupitia msimamizi, amesema amepata amani. Nami, Mungu anisamehe, nikapumua. Nikaona limekwisha.

Kesho yake saa tatu asubuhi Elibariki alinipigia. Sauti yake sikuitambua.

"Dada! Gladness ameanguka! Anatetemeka mwili mzima, anajing'ata ulimi... Dada, nifanye nini?"

Nilimwambia atafute gari, amlaze ubavu, awahi hospitali. Unaona? Siku hiyo mdomo ulifunguka! Nilikwenda mbio na kandambili miguuni. Nilipofika walikuwa wameshamwingiza chumba cha upasuaji. Walimtoa mtoto wa kiume. Alipumua kwa dakika chache tu. Gladness mwenyewe alikaa siku tatu hajitambui.

Siku ya kwanza pale kwenye benchi la hospitali, Elibariki alikuwa kama mtu aliyepigwa nyundo. Alisema jana yake alikuwa kazini Moshi, akarudi jioni, akamkuta mkewe anaumwa kichwa. Alitaka kumpeleka kituo cha afya, mkewe akamzuia, akamwonyesha simu. Wamesema ni kawaida.

Akaitoa simu ya mkewe mfukoni, akanisogezea. "Soma, Dada. Soma uone! Watu mia nne! Hakuna hata mmoja aliyejua?"

Nikasoma. Kichwa siku ya tatu... viatu haviingii... nyota nyota...

Ndugu zangu, ni yeye! Mke wa mdogo wangu! Mwanamke niliyemweka kwenye benchi saa nzima! Na mnajua nilimjibu nini Elibariki? Hakuna. Nilimrudishia simu, nikamwambia tuombe. Nilinyamaza tena, ana kwa ana, huku machozi yake yanadondoka kwenye mkono wangu.

Mtoto tulimzika nyumbani kwetu, chini ya mlima, pembeni ya migomba. Boksi lilikuwa dogo, Elibariki alilibeba peke yake. Mama yangu akaanza kusema yaliyopita yasifukuliwe... Niliondoka pale. Sikuweza kusikia.

Gladness aliruhusiwa, akarudi Kikatiti. Baada ya wiki mbili nilimpikia mtori wa ndizi na nyama, nikampelekea. Alikuwa amelala kitandani, amekonda, macho yamezama. Alijitahidi kuniamkia. Nikamkataza.

Alikunywa mtori kidogo, akasema taratibu, "Wifi, mimi nilitaka kukuuliza wewe. Elibariki aliwahi kunidokeza kwamba mimba yako ya kwanza ilikusumbua. Nilishika simu mara mbili nikupigie. Nikaogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Ndiyo, wifi. Nikaona bora nikawaulize watu nisiowajua."

Pale pale niliteremka kitini nikapiga magoti. Nikamwambia yote. Laini ya pili, nukta, yale maneno niliyoyaandika na kuyafuta. Nilitegemea apige kelele. Nilitamani anipige! Aliuliza swali moja tu.

"Uliisoma saa ngapi?"

"Saa nne. Saa nne asubuhi, Jumanne."

Akafikiri. "Saa nne nilikuwa namenya ndizi," akasema. "Nilikuwa natembea mwenyewe, wifi. Kituo cha afya kiko ng'ambo ya barabara."

Kisha akageukia ukutani. Hakuniambia niondoke, wala hakuniambia nibaki.

Mwezi ulipoisha alirudi kwa mama yake Kilimanjaro kupumzika. Mpaka leo ninapoandika hajarudi. Elibariki anakwenda kumwona kila Jumapili na kurudi peke yake. Mimi hanisalimii. Alikuja kazini kwangu mara moja tu baada ya mkewe kumweleza, akasimama mlangoni. Nilimwomba msamaha mpaka sauti ikakauka. Alinijibu, "Wale waliosema ni kawaida nimewasamehe, walikuwa hawajui. Wewe ulijua." Akaondoka. Kila asubuhi nampigia Gladness. Simu inaita hadi inakatika.

Niliandika kwenye grupu. Niliirudisha laini yangu halisi, nikaweka picha yangu na jina langu, nikaeleza mtoto wangu wa kwanza alivyokufa na mtoto wa mdogo wangu alivyokufa. Nilikosea maneno mengi, hakuna aliyecheka. Wapo walioniita muuaji na sikuwajibu, ningewajibu nini? Wengine walilia nami. Na kumbe humo ndani walikuwapo wanawake tisa waliowahi kupatwa na kifafa cha mimba! Tisa! Walioliona lile swali siku ile, kila mmoja alidhani mwenzake atajibu.

Siku hizi nikiona mjamzito anauliza habari za kichwa, miguu au macho, naacha cherehani, naandika, na nikiona hajasoma namtafuta kwa simu. Juzi mmoja aliwahishwa hospitali, akajifungua salama. Alinitumia picha ya mtoto. Nilifurahi, kisha nikajifungia nyuma ya pazia la kupimia nguo nikalia kwa nguvu, kwa sababu ilinichukua dakika mbili tu kumwandikia. Dakika mbili!

Wasomaji wenzangu, nawasihi. Sisemi kila mtu awe mwongeaji. Kuna mambo ya kusoma na kupita, na kuna fujo nyingi kwenye simu zetu. Lakini ukiona mtu anauliza jambo lenye uhai wa mtu ndani yake, na wewe limekupata na unalijua, usipite! Usiangalie wangapi wamo humo. Usiseme yupo mwenye elimu kuliko wewe. Yule anayeuliza bila jina anaweza kuwa dada yako, mke wa kaka yako, mwanao mwenyewe.

Na kama leo kuna swali umelipita ukijua jibu lake... tafadhali, weka chini haya unayoyasoma, rudi ukamjibu. Huenda bado anatembea.