Mstari wa Mastewal

Kila asubuhi Mastewal alilisha kuku, akala mkate wa injera uliobaki jana, kisha akashika njia ya shule iliyopita kando ya msitu wa kanisa. Vilima vyote vya kijiji chao vilikuwa mashamba ya shayiri na malisho. Miti mikubwa ilibaki kanisani tu. Ukiukaribia ukuta wake wa mawe, ubaridi ulikupokea usoni. Mastewal alikuwa akipita hapo tangu darasa la kwanza bila kuinua macho.

Kila Jumamosi shule yao ilitembelewa na Gizachew, mwanafunzi wa misitu kutoka chuo cha Bahir Dar. Hakulipwa na mtu. Aliwafundisha watoto kulea miche na kutumia tena vitu ambavyo wengine huvitupa. Miche yao ya mitarakwa, miti ile ile ya kanisani, ilikua katika bustani ya shule, ndani ya mifuko myeusi ya plastiki, waliyoiokota na kuiosha wenyewe.

"Siku ya kupanda, vueni mifuko taratibu," alisema. "Mfuko urudi bustanini, ulee mche mwingine mwakani. Ukiuzika, hautaoza, na mche utabaki kifungoni."

Siku hiyo ilipofika, mvua ilikuwa inanyesha. Walipanda nyuma ya shule, palipokuwa malisho, kandokando ya ukuta wa kanisa, kila mmoja na mstari wake. Vidole vya Mastewal vilikufa ganzi, na mifuko iling'ang'ania udongo.

"Mastewal, konokono amekupita anakusalimu," alisema Addisu, aliyepanda mstari wa jirani.

Mastewal alitazama huku na huku. Hakuna aliyemwona. Akaitumbukiza mashimoni miche yake yote iliyobaki, pamoja na mifuko yake, akafukia. Alimaliza wa kwanza, akapigiwa makofi.

Mwaka mpya wa kwao ulipoingia mwezi Septemba, na shule kufunguliwa, vilima viling'aa kwa maua ya njano. Miche ya wenzake ilikuwa imechipua. Ya Mastewal ilinyauka, mingine imekauka kabisa.

Mwalimu mkuu, Bi. Workinesh, alimwita Gizachew mbele ya watoto. "Mwanangu, mstari huu mzima unakufa; huenda hata hiyo miche mingine uliyotulelea ni mibovu. Wazazi wanataka eneo lirudi kuwa malisho ya ng'ombe. Nami sina la kuwajibu."

Gizachew aliinamisha kichwa. "Huenda nimekosea mimi, Mwalimu. Labda sikuupima udongo vizuri."

Mastewal aliitazama mistari ya kijani ya wenzake. Eneo likirudishwa, hata miche ya wenzake italiwa, na Gizachew hatakuwa na sababu ya kuja tena.

"Kaka Gizachew, udongo hauna kosa," alisema kwa sauti ndogo. "Miche yangu niliipanda na mifuko yake. Nilitaka kumaliza haraka."

"Kumbe ndiyo maana ulitushinda," alisema Addisu.

Gizachew hakumkaripia. Alimpa jembe dogo. "Chimbua tuone."

Mche wa kwanza ulitoka na mfuko wake. Ndani, mizizi ilikuwa imejizungusha kama donge la uzi. Wa pili vilevile. Wa tatu ulikataa kung'oka. Mzizi mmoja, mwembamba kama sindano, ulikuwa umekipata kitundu cha kutolea maji chini ya mfuko, ukapenya. Mastewal alilala kifudifudi, akaufuata kwa vidole. Mkono ulizama hadi begani, na mzizi bado uliendelea.

"Ulijuaje pa kupita gizani?" aliunong'oneza mzizi.

"Hata mimi najiuliza," alijibu Gizachew.

Mastewal aliinua macho. Kwa mara ya kwanza aliutazama mtarakwa mkubwa ng'ambo ya ukuta, kutoka shina hadi kilele kilichofunikwa na ukungu. "Na ule pale, mizizi yake iko wapi?"

"Umeilalia."

Watoto wote walitazama miguu yao. Addisu alivua viatu polepole, kama afanyavyo mlangoni mwa kanisa, na wenzake wakafanya vivyo hivyo.

Kisha wakaanza kazi. Mastewal alivua mifuko mmoja baada ya mwingine. Gizachew alikata mizizi iliyojisokota, wakaipanda upya miche iliyokuwa hai. Palipokauka, waliweka miche mingine kutoka bustanini. Addisu alichota maji bila kuombwa.

Bi. Workinesh alikuja kukagua. "Wazazi nitazungumza nao mimi," alisema. "Nitawaambia miche ni mizima, na eneo litabaki." Akamgeukia Mastewal. "Kazi ya kulipua humdanganya anayetazama, mwanangu. Ardhi haidanganyiki. Lakini ungenyamaza leo, tungempoteza mwalimu na miti yote. Kusema kweli kumekutia aibu ya asubuhi moja tu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi kanawe. Mama yako asije akadhani huku tunawafundisha kufyatua matofali."