Filimbi ya Jaketi la Sita

Hebu fikirieni stoo isiyo na dirisha, na majaketi sita ya kuokolea maisha yametundikwa ukutani. Rafiki yangu Bonareri huyakagua katika kampuni ya helikopta zinazovuka ziwa kutoka Homa Bay. Hupuliza filimbi ya kila jaketi, ile ya kuitia msaada majini, kisha huweka sahihi kwenye kadi yake.

Siku moja stima ilipotea saa nne asubuhi, stoo ikawa giza, akiwa amekagua matano tu. Meneja Omosa akaja mbio.

"Bonareri, weka sahihi tu. Abiria wa kwenda Kisegi wamechoka kungoja."

"Bosi, sahihi yangu haijui kuogelea."

"Kazi unaitaka au huitaki?"

"Naitaka. Ndiyo maana sisaini."

Bonareri akarudi ndani ya stoo gizani, akipapasa ukuta. Mlango ukajifunga nyuma yake. Ndipo filimbi ikalia mwisho wa stoo, polepole, kama ya mtu aliyebakiwa na pumzi kidogo. Ikanyamaza. Ikalia tena, karibu na sikio lake.

Bonareri akasema kwa sauti, "Lia utakavyo. Sitoki bila wewe."

Akalinyakua jaketi la sita, akalitoa juani mbele ya Omosa. Lilikuwa limepasuka ubavuni. Helikopta haikuruka.

Mengine mkiyasahau, wanangu, si neno. Kumbukeni hili moja tu: jaketi lile halikuwa na filimbi. Palining'inia kamba tupu, nayo ilikuwa ikichuruzika maji.