Mistari ya Saa Nne

"Polepole! Munaangusha mulima wetu!"

Stendi nzima ya Ngara iligeuka. Kijana mrefu, shati jeupe limepauka kwa vumbi la safari, alikuwa amekumbatia sanduku la bati huku wapagazi wakimcheka. Deodata, muuza chai kutoka Mugoma, kitenge cha njano kimemkaa sawasawa, hakujizuia.

"Kaka, mlima unaingia sandukuni?"

"Sauti yake inaingia, dada."

Aliitwa Anatoli. Vita vilikuwa vimeifukuza kutoka Kongo taasisi yao ya kuchunguza milima ya moto, nao wakapanga nyumba juu ya kilima, kwa muda tu, mpaka kutulie. Kila siku saa nne Deodata akawapandishia chai. Siku moja Anatoli akamwonyesha mashine iliyotoka kwenye lile sanduku, ya kupima mitikisiko ya ardhi: kalamu ikichora mstari kwenye karatasi bila kushikwa na mtu.

"Dunia inapumua," alinong'ona. "Miye nasikiliza tu."

Mwili ulimsisimka Deodata. Miaka ishirini na sita alikuwa akiikanyaga dunia hiyo, asijue kama iko macho. Akampenda Anatoli hapohapo, wala hakujificha.

Basi mwezi wa tatu wa mapenzi yao Anatoli akamwambia, "Mupenzi, usipande tena na chai. Unatikisa mashine."

Loo! Kwani mimi tembo? Deodata akashuka na birika lake, akanuna wiki tatu. Simu ikiita, anakata.

Ijumaa Anatoli alishuka mwenyewe stendi, macho mekundu, bunda la karatasi kwapani.

"Jumapili tunarudi Kongo. Mulima umeanza kuchemka, na watu kule hawana wa kuwaonya."

"Safari njema," alijibu Deodata, akimimina chai nje ya kikombe.

"Kwanza ona." Akakunjua karatasi. Kila siku, saa nne, mstari ulikuwa umeinuka vilima vidogo vidogo, na pembeni penseli imeandika: *Deodata anakuja.* "Mukubwa wangu alikasirika, akasema unaharibu vipimo. Nikakukataza bila kukueleza. Wiki hizi tatu mustari umenyooka tu, na nimeogopa kuliko nilivyoogopa vita."

Nyayo zake, za ndala zilizolika visigino, dunia ilikuwa imeziandika!

"Ukinikubali, nitarudi na wazee wangu kwa baba yako. Kesho saa nne nitakaa kwenye mashine, ningoje nyayo zako. Ukikataa, baki hapahapa."

Kesho yake Deodata alijifunga kitenge cha njano, birika akamwachia jirani. Langoni pa ile nyumba alivua ndala. Kisha akatembea akikanyaga ardhi kwa nguvu zake zote, hatua baada ya hatua, mpaka akamsikia mtu ndani akicheka na kulia kwa pamoja.