Ruhusa ya Msusi

"Mlango haufunguki, Masta. Keti."

Msusi alikuwa ameufunga kwa ndani na ufunguo ameutumbukiza kifuani. Alimwita Masta abadilishe kitasa cha chumba chake, lakini kitasa kilikuwa kizima kabisa. Masta akasimama na kisanduku chake cha vifaa kama mgeni asiyekaribishwa. Kanisani, yeye na mchumba wake, fundi cherehani, walikuwa wanangojwa ndoa yao itangazwe. Mchumba alishamwonya kuwa, baada ya ile ya wizi, aibu ya pili hataivumilia.

Zamani Masta alikuwa mwizi. Alifungua milango ya watu kwa waya, wenyewe wakikoroma, na msusi huyu ndiye aliyekuwa hawara yake, akila naye vya haramu. Alipookoka aliapa mbele ya waumini kwamba hatagusa tena kufuli la mtu bila ruhusa ya mwenyewe. Sasa mwenyewe alikuwa amekaa kitandani, amekunja nne.

"Naomba nifungue, nitoke," Masta alisema.

"Sikupi ruhusa. Toa waya wako uniibie, tuone huo wokovu."

Dirisha lilikuwa na nondo. Shati lilimganda mgongoni. Simu ikalia, ujumbe wa mchumba: "Uko wapi? Tumeitwa."

Uongo ulimjaa mdomoni: foleni, pancha, mteja mkorofi. Akaandika: "Nimefungiwa chumbani kwa msusi. Sijamgusa. Njoo."

Msusi akacheka, akamwambia amejichimbia kaburi kwa kucha zake mwenyewe.

Haukupita muda, mlango ukagongwa.

"Masta, fungua," mchumba alisema.

"Siwezi."

"Wewe ushindwe na kitasa?"

"Sijaruhusiwa."

Masta alisikia viatu vikigeuka. Kisha vikarudi.

"Dada," mchumba alimwambia msusi, "ulipokuwa naye, aliwahi kukuomba ruhusa ya chochote?"

Msusi aliangalia kucha zake. Mguu aliokuwa ameukunja ukashuka sakafuni wenyewe.

"Hajawahi," alisema. Kisha, bila kumtazama Masta: "Fungua. Nimekuruhusu."

Masta hakuungoja ufunguo. Alipiga magoti, akachomeka waya, kitasa kikalia mara moja.

Mchumba alimkagua toka kola hadi viatu. Vifungo vyote vilikuwa mahali pake.

"Mchungaji umemwambia nini?" Masta aliuliza.

"Nimemwambia ulipo."

"Akasemaje?"

"Akauliza kama bado nataka atangaze. Vaa koti, twende."